Sauti ya Mpole

"Mwambie viatu vyake vinaonekana," alisema yule mtu kwenye kiti cha wateja, bila kupandisha sauti na bila kuondoa macho kwenye gazeti.

Nilikuwa nyuma ya kaunta, pasi mkononi, shati la mteja limelala mbele yangu kama mgonjwa kitandani. Sikugeuka. Huko nyuma, mwisho wa chumba, suti zilizokwisha kusafishwa zilikuwa zimetundikwa kwa safu, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni, na nyuma ya suti hizo alisimama mume wangu, dobi aliyeheshimika mtaa mzima, anapumua kwa kuiba ili nailoni zisitikisike.

"Hakuna mtu huko," nilisema.

"Sawa, shemeji. Nitasubiri mpaka viatu vipate mwenyewe."

Shemeji. Hakuna aliyemwozesha kwetu, hakuna aliyemkaribisha ukoo, lakini aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, na kila alipolitamka nilihisi kama mtu ameingia chumbani kwangu na kukalia kitanda. Alifungua ukurasa mwingine wa gazeti. Pasi ikatoa mvuke. Sisi watatu tukabaki hivyo, mmoja amekaa, mmoja amesimama, mmoja amejificha, na nje watu wanapita na mambo yao.

Mambo hayo ni ya zamani sasa. Binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa hajaanza hata kung'oka meno ya utoto, leo ana watoto wanaoniita bibi. Lakini kuna harufu ya mvuke na wanga ambayo hata sasa ikinipiga puani ghafla, mgongo wangu unakaza wenyewe.

Yote yalianza na kadi ya benki, ya kununulia kwa kukopa, tuliyoletewa dukani. Msichana wa benki, amependeza, ananukia, aliiweka juu ya kaunta kwa vidole viwili kana kwamba ingeweza kuvunjika. Alisema si mkopo, ni heshima anayopewa mfanyabiashara mwaminifu. Mume wangu aliitia mfuko wa shati, na siku nzima nilimwona akiupapasa ule mfuko kama mtu aliyebeba yai. Kwanza ilitengeneza mashine yetu kubwa ya kupigia pasi mashuka, iliyokuwa imegoma. Kisha ikalipia operesheni ya nyonga ya mama mkwe, aliyekuwa akiishi nasi. Kwa mambo hayo mawili sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Lakini hoteli iliyokuwa ikituletea mashuka yake yote tuyafue ikafunga milango bila kutulipa, tukabaki na gharama za sabuni na umeme, na mume wangu akachukua kadi ya pili ili imlishe ya kwanza. Riba ikawa inafanya kazi hata sisi tunapopumzika. Maji yalipomfika shingoni hakuniambia. Simu ndiyo iliyoniambia.

Walipiga wakati wa chai ya asubuhi. Walipiga ninapomwogesha mtoto. Namba haikuwa ile ile mara mbili, na sauti zilikuwa za kike na za kiume, za vijana na za watu wazima, zote laini. Mume wangu akabadilisha laini, wakanipigia mimi. Nikaacha kupokea, wakampigia mama mkwe, ambaye hakujua hata kadi inafananaje, wakazungumza naye kwa adabu mpaka akawashukuru. Wakapiga shuleni kwa binti yetu, kuuliza tu, walisema, kama ada yake inalipwa kwa wakati. Nilipokwenda benki kuomba tupangiwe malipo, karani aliangalia kompyuta yake na kuniambia kwamba deni letu halipo pale tena. Wamekwisha kuliuza.

"Mmemwuzia nani?"

"Kampuni ya kukusanya madeni," alisema, na kuniangalia kwa huruma ya mtu anayekuona unapanda gari lisilo na breki.

Ndipo akaja Mpole, yule mtu wa gazeti. Jina hilo tulimpa sisi, kwa kunong'onezana. Siku ya kwanza alikuja kama mteja, na koti la kijivu lenye doa la chai kwenye mkono. Nililitoa doa. Alilikagua koti kwenye mwanga, akanisifia, akalipa, halafu akaenda kukaa kwenye kiti cha wateja, magoti yamebanana kama ya mwanafunzi.

"Sasa nimngoje mwenye duka," alisema.

Toka hapo akawa anakuja kila siku ya kazi. Hakutishia mtu. Hakutukana. Mteja akiingia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama na kumpisha. "Karibu, kaa hapa, mimi sina haraka. Namsubiri mwenye duka kuhusu deni lake. Mtu mzuri sana, ni mambo tu yamemzidi." Sentensi hiyo ilifagia duka kuliko ufagio. Watu wakaanza kuchukua nguo zao kabla hazijawa tayari. Bwana mmoja aliondoka na suruali inachuruzika maji, akisema atakwenda kuianika mwenyewe, jua la kwao ni kali.

Aliyebaki nasi alikuwa mmoja tu, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko kilichosikika hata magari yakipita, na mdomo usiojua kunyamaza. Nguo alizoshona alizileta kwetu kupigwa pasi kabla ya kuwakabidhi wenyewe. Wateja walipotukimbia, yeye akaongeza.

"Dada, gauni hili uliniletea juzi," nilimwambia siku moja.

"Limejikunja tena kwa kukaa," alijibu, akamgeukia Mpole. "Na wewe, huna kwenu?"

Mpole alitabasamu tu. Nakumbuka alimtazama kwa muda, kwa makini, kama mtu anayekariri jina.

Sasa turudi kwenye siku ile ya viatu. Alipomaliza kusoma, alikunja gazeti mara mbili, akaliweka mapajani.

"Mama yenu anaendeleaje na nyonga, shemeji? Huwa namwona kliniki. Anashuka zile ngazi peke yake." Akanyamaza. "Zile ngazi mbaya."

Ukimya wake ulikaa chumbani kama mtu wa nne. Nyuma yangu nikasikia nailoni zikichakarika. Mume wangu alitoka kati ya suti, jasho linamtiririka, mfuko mmoja umemganda shavuni. Aliubandua taratibu.

"Twende ofisini kwenu," alisema.

Nilizima pasi, nikafunga duka, nikawafuata. Sikuombwa.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Nilitarajia wanaume wenye vifua na mbwa mlangoni. Nilikuta zulia linalomeza nyayo, na meza nyingi zimepangwa kwa mistari, na kila meza ina mtu mwenye kidude cha kusikilizia masikioni, anazungumza chini chini. Wote walizungumza chini chini. Ungedhani mahali fulani mle ndani kuna mtoto mchanga amelala na hakuna anayetaka kumwamsha. Nilipita karibu na msichana mmoja nikamsikia akisema, "Naelewa, mama. Naelewa kabisa. Na yule mjukuu wako, bado anasoma?" Kisha akanyamaza, kalamu juu, anasubiri.

Msimamizi wao alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alitumiminia maji kwa mkono wake. Hakumwuliza mume wangu habari za pesa. Alimwuliza alivyoweza kuwapiga chenga muda wote ule.

"Lile gari jeupe lililokuwa likiegeshwa mbele ya duka lenu, ulijuaje kuwa ni letu?"

"Dereva alikuwa hashuki," mume wangu alisema. "Kila anayeegesha pale hushuka kununua kitu."

"Na ulijuaje saa ambazo hatutakuwepo?"

Akamweleza. Mwanzoni alikuwa anajibu kwa kuinamisha kichwa, lakini kila alipojibu kichwa kilinyanyuka kidogo, na kabla glasi ya maji haijaisha nilimwona mume wangu akizungumza kwa mikono, kama fundi anayeulizwa kuhusu kazi yake. Ilikuwa muda mrefu sijamwona hivyo. Msimamizi alicheka, akavaa miwani.

"Mtu anayejua kujificha hivi anajua wengine wanajificha wapi," alisema. "Mtu kama wewe mimi simwachi nje."

Alitaka awe mfanyakazi wao. Kila atakachokusanya, sehemu yake ikatwe kwenye deni letu, sehemu awe anakuja nayo nyumbani. Simu zingekoma siku ile ile. Mpole alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Hata mimi nilikuja hivyo hivyo, shemeji," alisema. "Nilikuwa mwalimu."

Kwenye ngazi nilimshika mume wangu mkono. "Usikubali. Tulipe kidogo kidogo kama watu wengine."

"Kidogo kidogo haiigusi hata riba. Unataka nini, mama aanguke?"

Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na nilijua yeye tayari alikuwa na jibu, ananingoja mimi tu nichoke kubisha.

Siku za mwanzo zilikuwa za raha, niseme ukweli. Simu zilinyamaza. Kiti cha wateja kikawa cha wateja. Mume wangu alilala fofofo, akala, akaongezeka mwili, na asubuhi nilimpigia pasi shati lake la kwendea kazini, nikilinyoosha kola mpaka inakata. Mimi nikabaki na duka. Wateja wakarudi mmoja mmoja, hata yule bwana wa suruali, akijifanya alikuwa safarini.

Wakati wa chakula alitusimulia mbinu za kazi, mimi na mama yake, kama mtu anayesimulia vichekesho. Usimwulize mtu kama atalipa, mwulize lini. Mpate atoe chochote leo, hata kiasi cha nauli, kwa sababu akitoa hicho amekubali kwamba lote ni lake. Mtajie mtu anayempenda, kisha nyamaza, mwache yeye ajaze mwenyewe.

"Na akikataa kabisa?" nilimwuliza.

"Akikataa hatuna la kufanya. Hatuwezi kugusa hata kijiko chake bila amri ya mahakama. Lakini hakuna anayeuliza." Alicheka. "Watu hawaulizi."

Nami nilicheka. Ilikuwa tamu kusikia kwamba lile zimwi lililotukalia kifuani halikuwa na meno. Haikunijia akilini, wakati ule, kwamba anayelivaa sasa ni yeye.

Kilichobadilika kwanza ni sauti. Mume wangu alikuwa mtu wa kufoka na kusahau, sauti yake ya kukwaruza, inaanza juu na kuishia kwa kicheko. Taratibu ikashuka. Jioni moja binti yetu alikuwa hajamaliza kazi aliyopewa shuleni. Zamani angemkemea, mtoto angenuna, basi. Siku hiyo alivuta kiti karibu naye, akakaa magoti yamebanana.

"Naelewa umechoka," alimwambia. "Naelewa kabisa. Tukubaliane tu, mwanangu. Lini?"

Mtoto alimkodolea macho. Kisha, bila kugombezwa wala kuguswa, akaanza kulia, kilio kile cha chini kisichotaka kusikika.

Mama mkwe aliacha alichokuwa akitafuna. "Mwanangu, nani kakufundisha kuongea hivyo?"

"Kuongea vipi, mama?" aliuliza. Hakuwa anajifanya. Kweli hakujua.

Basi asubuhi moja nilifungua duka kama kawaida, nikawasha pasi, nikatandaza shati la kwanza. Nilipoinua kichwa nikamwona mume wangu ng'ambo ya barabara, ndani ya duka la fundi cherehani, amekaa kwenye benchi la wateja. Nilidhani amepita kusalimia. Hata nilimpungia mkono. Alikuwa amelifungua gazeti, na hakuupunga wa kwake.

Nikamtazama dada yule. Alikuwa ameinamia cherehani, anashona bila kuinua uso, yeye ambaye hakuwahi kushona mshono bila kuupigia soga. Mteja mmoja aliingia na kitambaa kwapani. Mume wangu akanyanyuka kwa adabu, akampisha, akamwambia maneno machache. Yule mteja alimwangalia fundi, akakibana kitambaa chake vizuri zaidi, akatoka. Kumbe dada naye alikuwa na deni kwao.

Nilisimama na pasi juu. Nilijua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba nikivuka barabara ile, deni letu litarudi mlangoni na kila lililokuwa nalo: simu, gari jeupe, ngazi za kliniki. La pili, kwamba huyu mwanamke alikuwa akiniletea nguo nilizokwisha kuzinyoosha, nizipige pasi tena.

Nikazima pasi, nikavuka.

"Habari za asubuhi, dada."

Alinitazama kwa chini, bila kuacha kukanyaga cherehani. "Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Mke wangu," alisema mume wangu, "rudi dukani. Niko kazini."

Alilisema hilo taratibu, kwa upole. Ningefumba macho ningeapa ni yule mwingine. Kilichokuwa cha mume wangu pale ni harufu ya sabuni yangu kwenye shati.

Nilikaa kwenye benchi, kando yake, bega kwa bega, nikamwambia fundi, "Dada, amekuomba utoe chochote leo? Kidogo tu?"

"Amesema kidogo cha kuonyesha nia njema."

"Usitoe. Ukitoa hicho umekubali lote, na riba waliyoongeza wao. Amekutajia mtu wako?"

Cherehani ikasimama. "Kamtaja kaka yangu. Anasema anazijua zamu zake kule kiwandani."

"Halafu akanyamaza."

"Akanyamaza," alisema.

"Wanafundishwa kunyamaza hapo. Hawamfanyi kitu kaka yako. Hawawezi kugusa hata sindano yako bila amri ya mahakama. Mahakama ikikuita, nenda, useme unachoweza kulipa. Lakini huyu hapa hana mamlaka yoyote. Mwulize."

Gari lilipita, vumbi likaingia, likatua juu ya vitambaa. Mume wangu alikuwa anatazama mbele, gazeti limebaki wazi. Nilihisi bega lake likipata joto dhidi ya langu.

"Ni kweli?" fundi alimwuliza.

Angeweza kukwepa. Walikuwa wamemfundisha namna elfu za kukwepa bila kusema uongo, na zote nilizisikia mezani kwangu. Alifungua mdomo, akaufunga. Alipoufungua tena, sauti iliyotoka ilikuwa inakwaruza, imepauka, kama kitu kilichotolewa sandukuni.

"Ni kweli," alisema.

Akainuka, akaondoka. Hakuelekea dukani kwetu. Alishika barabara kuelekea chini, akitembea pembeni kabisa, karibu kugusa kuta.

Kazi iliisha wiki ile ile; msimamizi alimwita, akamtilia maji kwenye glasi kama mara ya kwanza, akamwambia kwaheri. Deni lilirudi. Lililetwa na mwanamke kijana mwenye tabasamu zuri, ambaye aliniita dada. Safari hii sikumkaribisha kukaa, na kila alichosema nilimjibu kwamba tutazungumza mbele ya hakimu. Ikafika huko. Tuliuza ile mashine kubwa, tukapangiwa malipo ya kila mwezi, tukajikaza kisabuni miaka mingi, binti yetu akavaa viatu vya kuazima na kuyavuka madarasa mpaka akanizidi kimo. Mama mkwe alifariki kitandani mwake, kwa uzee wake. Ngazi za kliniki hazikumfanya kitu.

Fundi cherehani naye alipangiwa ya kwake, akamaliza kabla yetu. Tuliendelea kusalimiana vizuri, na nguo zake alizileta. Dada yule alimsalimia mume wangu pia, tena kwa kucheka. Lakini niliona kwamba akiwa dukani kwetu hakukubali kumpa mume wangu mgongo, hata kwa kugeuka tu kuchukua mfuko.

Mume wangu hakunilaumu. Miezi mingi alisema nami machache, ya lazima tu, halafu akaanza tena kufoka na kusahau, nikashukuru. Siku ile hatukuwahi kuizungumza. Miaka ikapita, tukazeeka, tukabaki wawili na duka dogo.

Mwaka jana tu, asubuhi moja ya mvua isiyo na wateja, tulikuwa tumekaa tunapiga pasi, kila mtu upande wake wa meza. Alikuwa na gauni la mtoto, analigeuza kutafuta ncha ya mkanda wake.

"Yule fundi," alisema ghafla, "alikuwa anarudia mshono mmoja. Asubuhi ile. Tangu nilipokaa alikuwa anashona mshono ule ule, anaufika mwisho, anaurudia. Nguo ilikuwa imeshakuwa ngumu kama ubao."

Nilisimamisha pasi yangu.

"Alikuwa anakaribia kulia," alisema. "Ungechelewa kidogo tu, angelipa."

Nilimtazama usoni, nikitafuta alivyolisema hilo, kama ni kwa majuto au kwa kitu kingine. Alikuwa ameinama, ananyoosha mkunjo kwenye mkono wa gauni lile dogo, kwa uangalifu, magoti yake yamebanana chini ya meza. Mvua iliongezeka. Nilisogeza kapu la nguo karibu yangu, nikachukua inayofuata.